Siku Falstaff Alipoongea Kiswahili

Mwezi wa Aprili 2012, ukumbi wa Globe pale London ulianza tamasha la tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kilipewa ile ya wake wa Windsor, ikaitwa Wanawake wa Heri wa Winsa. Kundi lilitoka Kenya, na Falstaff, mhusika mkuu wa kichekesho hicho, akawa Mrisho Mpoto, mghani wa Tanzania. Nilikuwa nimeishi Uingereza miaka mingi bila kukanyaga jengo lile, nikiliona ni la watu wengine. Shoga yangu ndiye aliyenikokota: "Twende, leo wanaongea kwetu."

Tulikata tiketi za pauni tano, za kusimama uani. Globe ya leo ilifunguliwa mwaka 1997 kwa kuiga ile ya 1599, na uani juu ni wazi, mbingu tupu. Aprili ile mvua ilinyesha sana, na mwavuli hauruhusiwi kwa kuwa unawaziba walio nyuma. Tukajifunika kofia za makoti, tukasogea hadi viwiko vikagusa ukingo wa jukwaa.

Kando yangu alisimama mzee wa Kiingereza aliyeijua tamthilia hiyo tangu ujana wake. Kwenye skrini waliweka muhtasari mfupi tu wa kila onyesho, basi mzee akawa ananiuliza kilichosemwa, nami namnong'oneza. Naye akanilipa kwa kunidokeza, "Subiri, sasa linakuja kapu!"

Kisa chenyewe ni hiki. Falstaff ni bwana mkubwa aliyefilisika, mnene, anayejiona bado kijana. Anawaandikia barua ya mapenzi wake wawili wa watu, Bibi Ford na Bibi Page, akitamani fedha za waume zao. Wanawake wale ni marafiki. Wanazilinganisha barua na kukuta ni ile ile neno kwa neno, majina tu ndiyo tofauti. Hapo uani palilipuka. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti, "Ala! Huyu atakiona!" Na kweli alikiona: wanawake wanamwita nyumbani kwa Bibi Ford kwa hila, na Bwana Ford mwenye wivu anapokuja na wenzake kupekua nyumba, Falstaff anasukumwa ndani ya kapu la nguo chafu, anabebwa na watumishi na kumwagwa mtoni.

Wakati huo nilikuwa nikifua nguo katika nyumba ya kutunzia wazee, na ninajua uzito wa shuka zilizolala siku mbili na jasho lake. Shakespeare hakuridhika kusema "nguo chafu" akapita. Baadaye anamfanya Falstaff asimulie alivyoshindiliwa humo pamoja na mashati, soksi na vitambaa vya meza vyenye mafuta, na uvundo ambao pua haijapata kuukuta. Mtu aliyeandika hayo kabla ya 1602 alikuwa ameinusa kazi ya watumishi. Kwangu mimi, nguvu yake imo humo, kuliko hata katika hotuba za wafalme tunazokaririshwa.

Wahakiki wengi huiweka tamthilia hii chini, eti ni kichekesho chepesi. Sikubaliani nao. Mwalimu Nyerere alikwisha kututafsiria tamthilia nyingine za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, nazo nazipenda kwa dhati. Lakini moja ni ya dola na nyingine ni ya deni na mahakama. Hii ni ya wake wa watu wa kawaida, wanaolinda heshima yao kwa akili zao wenyewe na kapu lililokuwa nyumbani tayari. Hawaendi kwa hakimu wala hawamngoji mume.

Kwenye treni tulibishana njia nzima. Bwana Ford anapotambua ukweli humwomba mkewe radhi, naye anasamehewa. Shoga yangu hakutaka hata kusikia: mwanamume aliyeleta majirani wapekue nyumba kwa kumshuku mkewe hasamehewi upesi namna ile. Nikamwambia Bibi Ford alikwisha kumwadhibu kwa kumwacha ahangaike na wivu wake mara mbili nzima. "Mara mbili haitoshi," akasema, na abiria wa mbele, Mkongo aliyekuwa akitusikiliza, akageuka kumuunga mkono.