Dubu wa mohea nimemshonea Kampala, vipuri vyake vimetoka Kiseka

Kila niliyemuuliza namna ya kushona dubu wa kuchezea alinijibu neno moja: agiza. Kitambaa agiza Ujerumani, macho ya kioo agiza Uingereza, viungo agiza, sindano ndefu nayo agiza. Bwana mmoja, ambaye najua hajawahi kushona hata kifungo cha shati lake, aliniambia nisiponunua seti kamili nitaishia kutengeneza mto wenye masikio. Sawa. Mito yangu leo imekaa juu ya kabati, inageuza shingo, inainua mikono, inakaa kitako yenyewe bila kuegemezwa, na hakuna kilichoagizwa.

Kwa asiyejua, mohea ni manyoya ya mbuzi wa Angora. Sungura wa Angora ni habari nyingine kabisa, usidanganywe na jina. Mbuzi hao wanafugwa kwa wingi Afrika Kusini na Lesotho, yaani malighafi iko bara letu hili hili. Inapanda meli, inafumwa huko mbele, kisha mita moja tunauziwa kwa bei ya kodi ya chumba. Mtu akasikia "mbuzi" akanishauri ninunue ngozi machinjioni, eti mbuzi ni mbuzi. Dubu wa ngozi ya mbuzi wa Mubende ukimkumbatia ni kama umekumbatia ufagio, na msimu wa mvua ukianza nyumba nzima inajua ngozi hiyo ilitoka wapi.

Kilichonipa moyo ni historia yenyewe. Richard Steiff, wa kampuni ya Steiff kule Giengen, Ujerumani, alibuni dubu wake wa mohea mwaka 1902, akapelekwa kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1903. Viungo vyake vilifungwa kwa kamba. Dubu wengi wa miaka ile macho yao yalikuwa vifungo vya viatu. Vifungo vya viatu! Wenye ufundi wao walianza na vitu vya mezani, halafu mimi wa Kampala nisubiri kifurushi?

Basi nikaenda soko la Owino. Sikutafuta kitambaa cha dubu, kwa sababu hakipo; nilitafuta blanketi jepesi la mohea, lile wazungu wanalojifunika wakikaa kwenye kochi. Kwenye marobota ya mitumba yanatoka, ila lebo imekatwa, na muuzaji kila chenye manyoya kwake ni "sufu orijino, ssebo". Dawa ya hilo ni moto. Uzi wa mnyama ukiuchoma unajikunja kuukimbia moto, unanuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kidoleni. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Sasa washa kiberiti ndani ya Owino uone. Soko lile liliungua mwaka 2009, na wenye vibanda hawajasahau. Sikuwa nimekwangua vizuri, mama wa meza ya pili alishapiga kelele, vijana wawili wamenishika mkono, mmoja ananiuliza nimetumwa na nani. Nikaeleza habari ya dubu. Ndipo mambo yakaharibika zaidi.

Nilichofanya baadaye ndicho ninachojivunia. Nilikuwa nachomoa nyuzi mbili tatu kwenye kila blanketi, nafunga kila fungu kwenye kipande cha gazeti chenye namba ya meza, natoka nje hadi kwa mchoma mahindi. Nanunua hindi, naomba kona ya jiko, nachoma vipimo vyangu kimoja kimoja huku natafuna. Maabara ya bei ya hindi moja. Tatizo ni kwamba harufu ni ya nywele, na mtu mzima mwenye ndevu anayechoma nywele kwenye makaa huku anasoma namba kwa sauti ya chini ana jina lake mtaani. Mchoma mahindi alinitazama weee, mwisho akasema: "Mzee, huyo mwanamke msamehe tu." Mteja aliyekuwa nyuma yangu aliondoka bila chenji.

Kwenye gazeti la tatu harufu ikawa yenyewe. Lakini sufu ya kondoo nayo inanuka hivyo hivyo, kwa hiyo usikimbilie kulipa, rudi ukaishike. Mohea inateleza na inang'aa hata ikiwa imechakaa, sufu ya kondoo inafifia na inakwaruza kidogo. Nilipata blanketi la rangi ya asali, lenye tundu la nondo pembeni, na kwa sababu ya tundu hilo bei ilishuka hadi nikaona haya kuendelea kubishana. Sikuona haya sana.

Blanketi si kitambaa cha dubu, linavutika. Ukilishona lilivyo, tumbo litaendelea kukua kadiri unavyojaza. Nenda Kiyembe kwenye vitambaa, chukua marekani, ile nguo ya pamba isiyo na rangi, ilaze nyuma yake, ishikize kwa mishono mirefu ya muda, halafu ndipo uchore. Ukishamaliza kushona unasugua kwa brashi ya waya, manyoya yanasimama. Kingine ambacho mafundi wa sare za shule wanakikosea: usikate kwa mkasi mkubwa. Kata kutoka nyuma, kwa ncha ya mkasi mdogo, ukipitisha kwenye nguo ya chini tu, manyoya yabaki na urefu wake. Na yote yaelekee chini, miguuni. Kuunga vipande sina la kusema, cherehani unaijua.

Viungo sasa. Kila kiungo kinataka visahani viwili vya mbao ngumu, washa mbili, na pini ile ya miguu miwili inayozuia nati ya gurudumu isifunguke. Visahani nilikata kwenye hadibodi ya mgongo wa kabati lililokufa. Pini na washa, Kiseka, kwenye spea za magari. Kijana akaniuliza, "Za gari gani?" Nikamwambia za dubu. Akafikiri kidogo, akamuuliza mwenzake kama dubu ni ya Kijapani au ya Kijerumani. Mwenzake akajibu za Kijerumani wanazo, lakini ni ghali. Hajakosea. Nikachukua zile ndogo za bodaboda, fungu zima kwa pesa ya soda chache. Kila mguu wa pini ukunje kwa koleo uzunguke uso wa washa na kuibana. Bana hadi uone mkono wa dubu haugeuki bila kulalamika, maana ukishajaza utalegea.

Ndani nimetumia pamba ya msufi ya mto wa zamani, na tumboni mfuko mdogo wa marekani wenye gololi za beringi za baiskeli, uzito wa kumkalisha. Zikaushe kwanza kabla ya kuzifungia, la sivyo kutu itapenya hadi kwenye manyoya. Kama dubu ni wa mtoto mchanga, acha gololi, acha na vifungo vya macho, mtoto humeza. Macho yadarizi kwa uzi.

Pua ilinishinda hadi nilipopelekwa kwa Hajjati mmoja wa Kibuli anayetia nakshi shingo za kanzu. Nilimsalimia, nikamwekea dubu mbele yake, akamgeuza mara mbili na kusema, "Mwanangu, umemshonea jeraha." Akafumua yote. Akanipa uzi wake wa hariri wa kanzu, akanionyesha kujaza uso wa pua hadi uwe mgumu kabla sindano haijagusa, kunyoa manyoya ya hapo, na kuanzia mshono wa katikati kwenda pembeni. Malipo alikataa, ila dubu mmoja hakurudi nami.

Watu wa kwetu Arua huniuliza kwa nini nashona mnyama asiyekuwepo Afrika yetu. Nawajibu jina la tedi wanaloitwa dubu hawa lilitoka kwa Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti huko Mississippi, 1902. Mzee huyo huyo mwaka 1910 alipiga kambi ng'ambo yetu ya Nile akiwinda vifaru weupe, pale panapoitwa Rhino Camp hadi leo. Dubu alimwonea huruma, vifaru hakuwaonea. Kwa hiyo kifaru wa mohea namfikiria, ingawa pembe bado inanisumbua, inalala.

Bei zangu nazitaja kulingana na viatu vya mteja. Na wanaoulizia kipande kilichobaki cha blanketi la rangi ya asali: hakiuzwi. Gazeti na kiberiti mnavyo, Owino mnaijua.