Pipa ndani ya pipa: jiko langu la moshi la majivu ya pumba

Majiko ya moshi, yale ya kuivisha nyama taratibu kwa moshi na joto dogo, ambayo watu wanajichomelea huku kwetu karibu yote ni ndugu. Pipa la lita 200 limepasuliwa kwa urefu, limetiwa bawaba, miguu minne na bomba pembeni. Kwenye picha linapendeza. Lakini chuma cha pipa ni chembamba, milimita moja hivi, na hapa Moshi mwezi wa Juni ukianza ule upepo wa jioni, mkaa mwingi unaishia kupasha joto uwanja. Kila ukigeuka unaongeza mkaa, kila ukiongeza unafunua, na kila ukifunua joto linakimbia. Mwenye jiko hali wala halali.

Langu ni la kusimama wima. Nje ni pipa lile lile la kawaida, kipenyo chake sentimita 57. Ndani limeingizwa silinda la bati jeusi la milimita 1.5, kipenyo sentimita 45. Nafasi ya sentimita sita inayobaki kuzunguka ndiyo jiko lenyewe. Mengine ni mapambo.

Nafasi hiyo nimeijaza majivu ya pumba za mpunga. Fundi wa kuchomelea aliposikia, alizima mashine yake.

"Bosi, majivu? Si tumwage zege tu likae imara?"

"Fundi, zege litakunywa joto lote kabla nyama haijapata kitu."

"Haya, jiko ni la kwako."

Zege ni zito, na kitu kizito hunyonya joto jingi kabla ya kushiba. Hapa tunataka kinyume chake, kitu chepesi kilichojaa hewa iliyotulia. Majivu ya pumba sehemu kubwa ni silika, hayaungui tena, na punje zake zina vitundu vidogo vidogo vinavyoishika hewa isizunguke. Tambarare ya chini huko kwenye skimu za mpunga, Chekereni na jirani zake, pumba ni mali ya kumwaga, na wachoma tofali wanazitumia kama kuni. Ukiomba majivu wanakushangaa, kisha wanakusaidia kujaza viroba.

Chagua yaliyoungua kabisa, yenye rangi ya kijivu cheupe. Yale meusi bado yana kaboni ndani na yanaweza kuanza kufuka polepole katikati ya ukuta mahali usipopaona. Jifunge kitambaa puani wakati wa kumimina, maana vumbi la silika si rafiki wa mapafu. Mimina kidogo, gonga pipa kwa nyundo ya mpira, yashuke, ongeza. Usiyashindilie kama unajenga msingi wa nyumba. Ukifukuza hewa umefukuza kizuizi chako cha joto.

Juu ya ukuta fundi alitoboa matundu madogo kuzunguka. Siku ya kuliwasha mara ya kwanza, bila nyama, utaona kazi yake: majivu hunywa unyevu kama sponji, na moto ukishika, mvuke unatoka kwenye vile vitundu kwa mistari myembamba huku ukipiga mluzi. Acha litokote hivyo mpaka likauke. Jiko lisilo na matundu hayo lingebaki na maji ndani, na chuma kingeoza kuanzia upande usiouona.

Kuhusu chuma, hapa sina utani. Pipa lililobeba dawa za shambani au kemikali usilichukue hata ukipewa bure. Lililobeba mafuta, lioshwe na kujazwa maji kabla ya kuguswa na moto wa fundi, kwa sababu mvuke wa mafuta unalipuka. Rangi ya ndani ichomwe yote, kisha ikwanguliwe mpaka chuma kitupu. Bati la kuezekea, lile lenye zinki, lisikae karibu na moto. Na vile vigae vya zamani vya asbestosi ambavyo kuna watu wanadhani ni kizuizi kizuri cha joto, viache huko huko vilipo.

Mfuniko nao una majivu, na unakaa kwenye mfereji wa mchanga unaozunguka mdomo wa pipa. Mchanga unaziba kuliko mpira wowote utakaouziwa. Chini kuna kitundu kimoja cha hewa chenye kilango cha kuteleza, juu bomba fupi.

Sasa moto. Kikapu cha nondo kinajazwa mkaa usiowashwa, halafu juu, upande mmoja, naweka vipande vichache vilivyoshika. Moto unatembea wenyewe kutoka kipande hadi kipande. Vipande vya kuni vya kuleta harufu nimevizika humo humo kati ya mkaa.

Kuni zangu ni mibuni. Vihambani, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, watu wanang'oa mibuni ya zamani kupisha aina mpya za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na mti wake ni mgumu, unaungua taratibu, moshi wake mtamu. Magamba nayabandua yote, kwa sababu mibuni ile ilipigiwa mrututu, dawa yenye shaba, miaka na miaka, na hiyo shaba sitaki kwenye chakula. Mparachichi ni mzuri pia. Mkaratusi na msonobari, hapana. Nyama itanuka kama dawa ya kuchua.

Kuna jambo ambalo wanaoyasifu majiko haya huwa hawalisemi. Ukuta ukihifadhi joto, unahifadhi na kosa lako. Ukilenga nyuzi 115 ukaliacha lifike 150, kuziba hewa hakutakusaidia upesi. Linashuka kwa saa nyingi, kwa ukaidi. Kwa hiyo linakamatwa likiwa linapanda: kwenye 95 mimi tayari nimebana kilango, limebaki tundu la upana wa kidole. Na kwa kuwa moto wenyewe ni mdogo, hewa nayo ni kidogo, ukitia kuni kubwa zitafuka bila kuungua, utoke moshi mzito mweupe wenye uchungu. Vipande viwe vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Moshi unaotakiwa karibu hauonekani, una rangi ya samawati.

Kidari cha ng'ombe wetu si kama kile cha Texas, Marekani, wanakosifika kwa kukiivisha kwa moshi. Ng'ombe wa kienyeji ametembea, mafuta yake machache, na kidari kizima ni kilo tatu au nne. Chumvi gramu 15 kwa kila kilo tangu usiku, pilipili manga, basi. Ndani ya jiko kuna sufuria ya maji chini ya wavu. Nyama ikifika nyuzi 70 hivi inagoma, sindano ya kipimajoto haisogei, kwa sababu unyevu unaotoka juu yake unaipoza kama jasho. Wengi hapo wanaongeza moto. Mimi nachukua jani la mgomba, nalipitisha juu ya mkaa mpaka lilegee na kung'aa, nafunga nyama, narudisha. Ikifika 93 na kijiti kinaingia bila kusukumwa, imeiva.

Baba mdogo, ambaye kwake nyama ni ndafu na habari imeishia hapo, alikata kipande, akakitazama ule ukingo mwekundu, akauliza, "Hii haijaiva?" Nikamwambia, "Baba mdogo, ni moshi huo, wewe onja." Akaonja, akasogeza sahani ya ndizi karibu yake. Sikupata maelezo zaidi.

Kuku msimtie humo kwa nyuzi 115. Ngozi inakuwa mpira. Muokeni kwenye mkaa wazi kama kawaida.