Baiskeli ugenini baada ya miaka sitini: panga kwa saa, acha kilomita

Marafiki waliokwisha kula chumvi nyingi wakikaa kupanga safari ya baiskeli nje ya nchi, swali la kwanza huwa "tunaenda wapi?" Hilo lisubiri. Kwanza ijulikane nani anaweza nini, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mtu mzima haoni raha kukiri mbele ya wenzake kwamba goti halimruhusu. Waulize mezani kama wataziweza kilomita sitini kwa siku, wote watasema ndiyo.

Kwa hiyo teueni mtu mmoja anayetunza siri, azungumze na kila mmoja faragha. Maswali yawe ya mambo yanayopimika: mara ya mwisho uliendesha saa mbili mfululizo lini? Kiti kinaanza kukuuma baada ya dakika ngapi? Unahitaji choo kila baada ya muda gani? Unatumia dawa zipi? Unaweza kulala chumba kimoja na mtu anayekoroma? Majibu yasiingie kwenye kundi la WhatsApp. Kinachotangazwa ni matokeo tu: urefu wa siku, aina ya baiskeli, idadi ya vyumba. Kuhusu idadi ya watu, sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi hapo, nafasi za baiskeli kwenye treni zinakuwa kitendawili, na njiani kundi linagawanyika lenyewe bila mtu kuamua.

Sasa hesabu. Kilomita 50 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni saa 3 na dakika 20 za kukanyaga. Karibu kila mpangaji anaishia hapo, akidhani saa nane mchana watu watakuwa wameshaoga. Lakini kundi likisimama, huyu anaenda msalani, yule ndiyo kwanza anavua koti, wa tatu anatafuta miwani iliyo kichwani mwake. Mtu peke yake angetumia dakika tano. Wanane hutumia robo saa. Vituo sita vya namna hiyo ni saa moja na nusu. Weka chakula cha mchana saa moja na robo, weka kusubiri kivuko na kukosea kona mara mbili tatu. Mkitoka saa tatu asubuhi mtafika saa kumi alasiri, na hapo hakuna kilichoharibika.

Mwendo wa kuhesabia uwe wa yule wa mwisho, usiwe wa wastani. Kama yeye anakwenda 12 kwa saa, kilomita zilezile 50 zinakuwa saa 4 na dakika 10. Na anayekuja nyuma ndiye hapumziki: akifika mlipo, nyinyi mmeshakunywa maji na mnapanda baiskeli. Kanuni ndogo inatibu hilo: muda wa kupumzika unaanza kuhesabiwa wa mwisho anapofika. Kwa jumla saa nne za kukanyaga kwa siku zinatosha, na siku ya nne iwe ya kutokwenda popote. Uchovu wa umri huu hujikusanya kimyakimya, na mara nyingi hujitokeza asubuhi ya tatu, wala si jioni ya kwanza.

Baada ya hapo ndipo mchague njia. Kwa safari ya kwanza shikeni mto, mkiufuata unakoelekea. Njia ya Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, ni mfano mzuri: kama kilomita 320, sehemu kubwa tambarare, nyingi mbali na magari, na upepo wa huko mara nyingi hutoka magharibi, yaani mgongoni mwenu. Kwa siku saba za kuendesha ni wastani wa kilomita 46. Bonde la Loire huko Ufaransa nalo linafaa, ila upepo huohuo wa magharibi utawapiga usoni mkielekea baharini. Msiudharau: upepo wa mbele kwenye uwanda hauna kilele cha kumalizia kama mlima, na unaweza kumshusha mtu kutoka 15 hadi 10 kwa saa mchana kutwa.

Kitu ninachokipa uzito kuliko mandhari ni reli inayokwenda sambamba na njia. Mtu akiamka goti limevimba, apande treni akawasubiri mbele, badala ya kundi zima kubaki likimtazama. Na vyumba viwekewe nafasi kwa masharti yanayoruhusu kughairi. Mito nayo ina siku zake: Danube ilifurika vibaya Juni 2013, ikafurika tena Austria Septemba 2024, na njia ya kando ya mto ndiyo huwa ya kwanza kuzama.

Je, mbebe baiskeli au mkodi? Kwa baiskeli ya umeme mjadala umefungwa na mashirika ya ndege: betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, na betri za baiskeli kwa kawaida huanzia kama 400 na kuendelea. Kodini hukohuko. Wapelekeeni wakodishaji urefu wa ndani wa mguu wa kila mtu kwa sentimita, pamoja na uzito wake, maana fremu na rimu zina kikomo cha mzigo. Ombeni fremu ya kuingilia chini, isiyo na bomba la juu, kwa wanaume pia. Nyonga iliyokaza haiinui mguu juu ya kiti chenye begi nyuma yake, na watu wa umri huu huanguka sana wakati wa kupanda na kushuka.

Ulizeni breki mapema. Ulaya bara, mkono wa kulia kwa kawaida hushika breki ya nyuma. Uingereza na nchi zilizofuata mtindo wake, mkono huohuo hushika ya mbele. Aliyezoea mtindo mmoja akipewa mwingine, siku ya hofu atabana gurudumu la mbele kwa nguvu zote. Tena Ujerumani na Austria baadhi ya baiskeli za kukodi huwa na breki ya kukanyaga kinyumenyume. Asiyeijua hujaribu kurudisha kanyagio nyuma akiwa amesimama ili aanze vizuri, na gurudumu linagoma.

Asubuhi ya kwanza tengeni nusu saa kwenye uwanja mtupu, kabla ya kuingia barabarani. Kila mtu akae kitini, kisigino juu ya kanyagio lililo chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti cha chini mno huumiza goti kwa mbele. Cha juu mno, kwa nyuma. Vidole viwili vya mwisho vikifa ganzi, uzito umeelemea mikononi: inueni usukani au sawazisheni pua ya kiti iliyoinama. Mwenye kiti chake alichokizoea akibebe sandukuni. Kukifunga kunahitaji spana ya alen (ya pembe sita) ya milimita 5 au 6, ya zamani spana ya 13. Mwenye kanyagio zake akumbuke kuwa la kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Wengi wameliharibu kwa kulazimisha.

Baiskeli ya umeme ina adabu zake. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, ile inayohesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida ina mota isiyozidi wati 250, na msaada hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Ina uzito wa kilo 25 hivi, kwa hiyo ngazi za stesheni zinahitaji watu wawili. Ng'oeni betri kwanza. Kwenye taa za barabarani usiegemeze mguu juu ya kanyagio ukiwa kwenye nguvu ya juu: mota inausoma mguu kama amri, na baiskeli inaruka. Kundi likichanganya za umeme na za kawaida, ya kawaida itangulie na kuweka mwendo. Jioni ulizeni soketi ziko wapi kabla ya kuuliza chakula, maana betri tupu huchukua saa nne hadi sita, na chumba chenye soketi mbili hakiwezi kuchaji nane.

Pancha ya gurudumu la nyuma ndiyo huwaogopesha watu, hasa penye gia zilizo ndani ya kitovu cha gurudumu au mota ya kitovuni yenye waya. Mara nyingi halina haja ya kung'olewa. Laza baiskeli, tafuta mwiba au kipande cha chupa kwenye tairi, toa upande mmoja wa tairi kwa vijiko vya plastiki vya kutolea tairi, vuta nje kipande cha tyubu chenye tundu tu. Sugua kwa msasa, paka gundi, kisha subiri dakika tano bila kuigusa hadi isinate kidoleni. Hapo ndipo watu hukosea: wanabandika kiraka gundi ikiwa mbichi, na baada ya kilomita mbili kinachomoka. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole ndani ya tairi polepole, kwa sababu kilichotoboa mara nyingi bado kimo.

Dawa zisiingie kwenye sanduku linalosafirishwa na gari la mizigo kutoka hoteli hadi hoteli. Gari hilo likichelewa, dozi ya jioni imechelewa nalo. Zikae kwenye begi la usukani, na ndani ya ndege mkononi. Insulini hasa isipelekwe kwenye mizigo ya chini, kwani inaweza kuganda. Mwenye kisukari anayetumia insulini azungumze na daktari kuhusu dozi za siku ndefu, maana kukanyaga kwa saa nyingi hushusha sukari, wakati mwingine hadi usiku, na apime kabla ya kulala. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kichwa, apelekwe hospitali hata kama anacheka. Maji yanywewe kwa saa, kiu isingojewe, kwa sababu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Wenye dawa za moyo au figo wafuate kiasi walichoambiwa.

Bima isomwe mistari midogo. Wanaohitaji viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) hutakiwa bima ya angalau yuro 30,000, lakini hicho ni kiwango cha ubalozi tu. Angalieni kikomo cha umri, magonjwa ya zamani kama yametangazwa, na kama baiskeli ya umeme imetajwa. Maombi ya viza yenyewe hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yawasilishwe si chini ya siku 15 kabla yake.

Fedha: amana ilipwe na kila mtu kwa jina lake, na iandikwe tangu mwanzo nani anabeba gharama mtu akijitoa, kwa sababu katika umri huu atakuwepo wa kujitoa. Chakula na vivuko vitoke kwenye mfuko wa pamoja unaoshikwa na mtu mmoja, lakini pombe kila mtu na yake. Hilo dogo limegombanisha watu kuliko bei ya vyumba.

Mwezi mmoja kabla ya kuondoka, endesheni siku tatu mfululizo kwa saa zilezile za safari. Siku moja ndefu haipimi chochote. Aliyeuliza kama anaweza kuruka siku ya tatu ameshawapa jibu, mpangieni treni mapema. Na mkubaliane kwa maandishi: mtu akilazwa, nani anabaki naye, anabaki siku ngapi, na kadi ya bima iko begi gani.