Manyoya ya tumbo la Kaniki

Paka wangu nilimwita Kaniki kwa weusi wake. Basi siku niliyomkuta amelala chali, tumbo tupu kama kuku aliyenyonyolewa, niliingiwa na hofu. Tulikuwa na wiki sita tangu tuhame Mji wa Kale, Mombasa, tukahamia fleti ya ghorofa ya tatu. Kule alikuwa na paa, baraza na uchochoro mzima. Huku ana madirisha.

Nikajua ni viroboto. Jirani alishanipa poda ya mbwa wake, na namshukuru Mungu nilimpigia kwanza daktari wa mifugo: dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrini, sumu ya wadudu inayoweza kumuua paka.

Daktari alimng'oa manyoya machache pembezoni mwa kipara, akayatazama kwa hadubini. Unyoya unaodondoka wenyewe ncha yake huwa imechongoka. Haya yalikuwa yamekatika. Maana yake alikuwa akiyalamba, na ulimi wa paka una vijimiba kama msasa. Nilibisha, sikuwahi kumwona! Wengi hujilamba wakiwa peke yao, akaniambia. Hata hivyo hakukimbilia kusema ni mawazo. Tulimtibu viroboto, tukapima utitiri na bato, tukapima na mkojo, kwa sababu paka anayeumwa kibofu hulamba tumbo. Chakula nacho tukakibadilisha wiki nane. Kipara kilibaki palepale.

Daftari nililoandikia mienendo yake ndilo lililotuonyesha njia. Kila baada ya Magharibi paka dume wa jirani alikuwa akikaa kwenye roshani inayotazamana na dirisha letu. Kaniki hakuunguruma. Aliganda, mkia ukipigapiga sakafu, kisha akaingia chini ya kitanda. Nililala kifudifudi nikamulika kwa simu: analamba tumbo na paja la kushoto, shwa, shwa, shwa. Nilitokwa na machozi. Nilitamani kumvuta, lakini kumfokea kungemwongezea hofu.

Nilibandika karatasi nusu ya chini ya kioo. Nikamwekea boksi juu ya kabati, choo cha pili mbali na sahani yake, na kila jioni dakika 10 za kukimbiza kamba kabla ya kula, saa ileile.

Wiki ya tano nilipitisha kidole tumboni nikagusa malaika laini. Mwezi wa nne weusi ulikuwa umerudi, isipokuwa paja la kushoto. Wageni wakijaa hulianza tena, kwa hiyo siku hizo namwekea boksi lake chumbani kwangu na kufunga mlango taratibu.