Siku moja maishani mwangu: watoto 64, sweta 64 za kijani

Saa 1:40 asubuhi

Nimeshuka daladala Kariakoo, mkoba begani, maandazi mkononi, na kabla sijaufikia mlango wa studio simu imeshaita mara mbili. Ni mwalimu wa shule ya awali. "Dada, zile picha za mahafali tunazipata leo?" Nimemwambia zipo jikoni. Jikoni zipo kweli, ila mimi mwenyewe sijazionja. Zilipigwa Ijumaa, mimi nikiwa msibani, na aliyekwenda ni dogo, mpiga picha wetu wa mwaka wa kwanza.

Saa 2:10

Kazi yangu ni kuhariri picha: mtu anapigwa mbele ya pazia la kijani, programu inafuta kila kilicho kijani, nami naweka mandhari mengine nyuma yake. Nafungua faili la kwanza. Mtoto amesimama mbele ya pazia la kijani, amevaa sweta la kijani. Nafungua la pili, sweta la kijani. La kumi na mbili, hivyo hivyo. Joho zilichelewa, mwalimu akasema wapigwe na sare zao, na sare ya shule ile ni shati jeupe na sweta la kijani kibichi cha chupa. Watoto 64.

"Dogo, hukuliona hili?"

"Nililiona, dada. Nikajua kompyuta itajua."

Pazia la bluu tunalo. Limekunjwa juu ya kabati, na juu yake kuna feni mbovu.

Sikumgombeza sana, maana jambo moja amelifanya sawa: amepiga kwa RAW, yaani faili ghafi lenye kila ilichokiona kamera, si JPEG, lile faili dogo lililobanwa. JPEG hutunza mwanga vizuri lakini rangi huibana; mara nyingi pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi. Kwa picha ya kubandika ukutani huwezi kuona tofauti. Kwa kazi yangu mimi, ambayo yote iko pale rangi mbili zinapokutana, ukingo wa sikio unakuwa ngazi ngazi. Na mteja akikutumia picha kwa WhatsApp akitaka "umtoe background", hapo imebanwa mara mbili.

Saa 3:30

Chai. Dogo anauliza swali ambalo alitakiwa aulize Alhamisi: kwa nini pazia liwe la kijani, kwa nini lisiwe jekundu?

Jekundu halifai kwa sababu ya ngozi. Ngozi ya binadamu, nyeusi kwa nyeupe, wekundu ndio umeijaza. Ukifuta wekundu unafuta na mtu. Kijani kina sababu nyingine ndani ya kamera. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya ule mpangilio wa vichujio vya rangi unaotumika kwenye kamera nyingi hadi leo: katika kila vijicho vinne, viwili vinaona kijani, kimoja chekundu, kimoja bluu. Kwa hiyo kijani ndicho kamera inachokiona kwa undani zaidi, na pazia lake halihitaji taa kali. Dogo ametikisa kichwa, akachukua andazi la tatu.

Saa 4:00

Kulitoa pazia lenyewe kumechukua muda mfupi kuliko nilivyohofia. Pazia ni kijani kinachong'aa, sweta ni kijani kilichokolea, kwa hiyo nikiibana programu isiwe na tamaa, inakula pazia na kuliacha sweta. Shida ni mikunjo. Pale kitambaa kilipojikunja giza limeingia, na kijani cha giza ni ndugu wa sweta. Mtoto wa saba ameota mkia. Nimemzungushia kila mtoto mstari wa mpaka kwa mkono, nje ya mpaka kila kitu kinatupwa, na ndani ya kifua napaka maski, yaani kifuniko kinachoiambia programu hapa usiguse.

Nywele hazikunisumbua hata kidogo, wote wamenyolewa. Mnaoediti maharusi wenye wigi za mawimbi mtanielewa nikisema upara wa shule ni neema.

Saa 5:20

Sasa nimeweka mandhari mapya, bendera na maua, na ndipo kazi yenyewe inapoanza. Watoto wanaonekana wagonjwa.

Hapa studio tunasema kijani kimemrukia mtu. Taa inapiga pazia, pazia linarudisha mwanga wa kijani, na mwanga huo unatua kwenye chochote kilicho karibu: kola nyeupe, shingo, nyuma ya masikio. Safari hii kuna nyongeza. Siku ya picha mama wa Kiswahili hamwachi mtoto akatoka mkavu. Wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na ngozi yenye mafuta ni nusu kioo. Kwenye kipara, kwenye mfupa wa shavu, pembeni pale ngozi inapopinda kwenda nyuma, kuna utepe wa kijani kama umechorwa kwa kalamu.

Nimepima shavu la mtoto mmoja. Kompyuta huandika kila rangi kwa namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Sehemu safi: nyekundu 150, kijani 105, bluu 80, yaani kahawia nzuri ya afya. Ukingoni: 120, 125, 80. Kijani kimeipita nyekundu, jambo ambalo ngozi hailifanyi yenyewe.

Dawa ninayoitumia ni ya zamani na haina uchawi. Unaiambia programu kwamba kijani kisizidi wastani wa nyekundu na bluu. Kwenye Photoshop naweka leya, yaani tabaka juu ya picha, ya kuchanganya chaneli, ndizo hizo rangi tatu; pale kwenye kijani naandika nyekundu asilimia 50, kijani 0, bluu 50, halafu leya hiyo naiweka kwenye hali ya kuchagua kilicho cheusi zaidi. Penye kijani cha kawaida hakuna kinachobadilika. Penye kijani cha wizi, 125 inashuka hadi 100. Ngozi inarudi.

Ila inarudi ikiwa imefifia, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Katika hesabu ya mwangaza wa picha, kijani peke yake kinabeba karibu asilimia 59. Ukikipunguza umepunguza na mwanga. Ukingo wa uso unakuwa kama umepakwa masizi, na kwa watoto weusi kosa hilo linaonekana haraka. Lazima urudishe mwanga kwa leya nyingine, kidogo kidogo, kwa brashi laini. Zile programu za kubofya mara moja zinatoa pazia vizuri siku hizi, siwezi kubisha, lakini nyingi zinakuachia huo ugonjwa wa ngozi ukatibu mwenyewe.

Saa 6:15

Nilikuwa nimeshaipeleka dawa kwenye picha ishirini kwa mpigo, najipongeza, bosi akasimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Hawa ni watoto wa shule gani?"

Nikamtajia.

"Hapana. Wale sare yao ya kijani. Hawa wamevaa bluu."

Nimeangalia. Kweli. Sweta lilikuwa 25, 80, 50. Wastani wa 25 na 50 hata haufiki 38, kwa hiyo kijani kimeshushwa hadi chini ya bluu, na sweta limekuwa bluu ya kiza, safi kabisa, halina hata doa. Nimewahamisha watoto ishirini shule bila barua ya uhamisho.

Bosi amecheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nimerudi mwanzo: maski ya kifua ileile niliyoitumia kulilinda sweta, nimeigeuza iizuie na dawa. Uso, kola, masikio, mikono, basi.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage. Sina la kueleza.

Saa 8:40

Ameingia mama aliyepigwa juzi hapa hapa studio na dera la manjano, anataka aonekane yuko Forodhani jua likizama. Nilishajifunza asubuhi, kwa hiyo dera nimelifunika kabla ya kitu kingine chochote, maana manjano ina kijani kingi cha halali. Ukiipa dawa ile inageuka chungwa.

Mama ameitazama skrini, akakunja uso. "Mwanangu, mbona kama nimebandikwa?" Ana jicho. Jua la Forodhani liko kushoto, taa yetu ilikuwa kulia. Nimeigeuza Forodhani.

"Shikamoo bahari," amesema, akalipa.

Saa 10:05

Umeme umekatika. Kifaa cha akiba kinatupa dakika kumi. Nimehifadhi faili, nikakaa gizani na dogo, tukapanga sakafu. Chumba alichopewa shuleni kilikuwa chembamba na watoto walisimama karibu kuegemea pazia. Nimemwonyesha kwa hatua: mtu asogee mita mbili au zaidi mbele, pazia lipate taa zake, mtu apate zake. Amebandika utepe wa gundi sakafuni pale miguu inapotakiwa kukanyaga.

Saa 12:20 jioni

Umeme umerudi. Wa 64 amekamilika. Ana pengo la meno mawili na miwani. Kwenye fremu ya miwani nimeacha kijani kidogo, kwa sababu nimekikuza mara nne na bado sijui kama ni pazia au ni rangi ya miwani yenyewe.

Mwalimu amepokea, amefurahi, na ametupa jina la mwalimu mwenzake wa shule nyingine anayetaka tuende Alhamisi. Nimempigia papo hapo.

"Samahani mwalimu, sare yenu rangi gani?"

"Bluu, dada. Sweta la bluu, kaptula bluu."

Nikamwonyesha dogo dole gumba. Pazia la kijani, raha mustarehe.

"Na soksi?"

Kimya kidogo. "Soksi kijani."

Nimemwambia dogo awapige kuanzia kiunoni kwenda juu.