Tulivyoshusha bomba jipya ndani ya dohani yetu

Nyumba yetu hapa Sheffield ni ya matofali, ya zama za Malkia Victoria, na dohani yake ni ya umri huohuo. Tulipotaka kuweka jiko la kuni sebuleni, tulimwita mfagia dohani. Akaisafisha mpaka juu, kisha akawasha moshi wa kupimia. Moshi ukatokea chumba cha watoto, ghorofani.

Chokaa iliyoshika matofali ilikuwa imelika. Panapopita moshi hupita pia kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu kwetu wakati wa baridi, wanapolala na jiko la mkaa ndani huku madirisha yamefungwa. Haina rangi wala harufu. Basi jiko likasubiri kwanza.

Tiba yake ni kupitisha ndani ya dohani bomba linalopindika, la chuma kisichoshika kutu. Nilichagua lenye kipenyo cha milimita 150, daraja la 904, ambalo ni ghali kuliko la 316 lakini huvumilia zaidi asidi ya moshi. Kwa sheria za England, asiye fundi aliyesajiliwa huiarifu idara ya ujenzi ya halmashauri kabla ya kuanza, nasi tukafanya hivyo. Urefu niliupata kwa kushusha kamba yenye uzito kutoka juu hadi mekoni, nikaongeza mita moja ya akiba.

Juu, kwenye jukwaa la chuma tulilokodi, nilipanda na kaka yangu. Jirani yetu mzee, aliyefanya kazi za paa maisha yake yote, alisimama bustanini akituinulia bomba. Mke wangu alikaa mekoni na kamba. Tulikubaliana kwamba anayetoa amri ni yeye peke yake, kwa kuwa ndiye anayehisi kamba inapokaza. Sauti haipiti vizuri ndani ya dohani, kwa hiyo tuliacha simu wazi muda wote.

Kabla ya kulishusha tulitazama mishale iliyochapwa ubavuni mwa bomba. Lazima ielekee juu, njia ya moshi, ili maji na lami vikitiririka visiingie kwenye maungio. Mzee alituonyesha mara mbili, na namshukuru.

Mwanzo lilishuka vizuri. Kwenye kona ya ghorofani likagoma.

"Shemeji, usisukume!" mke wangu alimwita kaka yangu. "Rudisheni kidogo kwanza."

Tukalirudisha kiasi cha mkono mmoja. Akavuta taratibu huku sisi tukiliachia, likapita. Huo ndio moyo wa kazi yote: wa chini huongoza ncha, wa juu hulisha, na hakuna anayetumia nguvu. Bomba hili ni la ukanda mwembamba uliosokotwa, likilazimishwa hufumuka, na ukilifumua umelipoteza.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Chini tuliziba uwazi wa meko kwa bamba la chuma, kisha tukamimina vemikulaiti, chembe nyepesi za madini zisizoungua, kutoka juu kuzunguka bomba. Chembe hizo hulifanya bomba libaki na joto, moshi usipoe njiani ukageuka lami. Ndipo juu tukalibana kwa bamba na kishikio, tukapaka saruji, tukafunika kwa kofia ya kuzuia mvua na ndege. Kengele ya kaboni monoksidi tuliifunga kwenye dari ya sebule, zaidi ya sentimita 30 kutoka ukutani.

Mkaguzi wa halmashauri alirudia kipimo cha moshi. Safari hii chumba cha watoto kilibaki safi, akatupatia cheti. Kibao chenye kipenyo, aina ya bomba na tarehe kimebandikwa karibu na mita ya umeme.

Ukifanya kazi hii, mwambie mfagia dohani wako mapema kwamba ndani sasa kuna bomba la chuma, aje na brashi ya nailoni. Ile ya waya mgumu hulikwaruza.