Asali kwenye jeraha la mwana wa mfalme

Juzi nilifungua pakiti ya dawa ya asali nimfunge mzee mmoja kidonda cha mguu. Harufu ile ikanirudisha mji wa Shrewsbury, enzi zile nasomea uuguzi hapa Uingereza.

Tulipelekwa na mwalimu wetu wa chumba cha upasuaji, mama aliyekaribia kustaafu. Safari na mvua yake tuviache. Nje ya kanisa lililojengwa palipopiganwa vita vya tarehe 21 Julai 1403, mwalimu aliniita mbele ya wenzangu, akatoa penseli, akaigusisha ncha yake ubavuni mwa pua yangu, upande wa kushoto. "Mshale uliingia hapa." Kisha akailaza penseli kando ya shavu langu kuelekea kisogoni. "Inchi 6. Usitikisike." Sikutikisika. Nilihisi ubaridi wa ncha ile kwenye ngozi, na macho yakaanza kunilenga machozi.

Aliyepigwa alikuwa Henry, mwana wa mfalme wa Uingereza, kijana wa miaka 16. Uti wa mshale ulitoka, chembe chake cha chuma kikabaki kimekwama kwenye mfupa. Waganga wengine walijaribu dawa zao, wakashindwa. Ndipo akaja John Bradmore, mpasuaji wa London. Alitengeneza vijiti vyembamba, akavizungushia kitani na kuviloweka katika asali ya waridi, akawa anaingiza kinene zaidi kila mara mpaka tundu likapanuka hadi chini. Akabuni koleo ndogo yenye skrubu katikati, akaipitisha njia ileile ya mshale, akakitikisa chembe huku na huku, taratibu, mpaka kikatoka. Akaliosha jeraha kwa mvinyo mweupe, akalitia tambi za kitani zenye asali, unga wa shayiri na tapentaini, yaani utomvu wa msonobari, akizifupisha kila baada ya siku 2. Ndani ya siku 20 lilikuwa safi. Kijana yule baadaye akawa Mfalme Henry wa Tano.

Ila mwalimu alitaka tusikie jambo jingine. Bradmore mwenyewe aliandika kwamba tangu mwanzo hadi mwisho alimpaka mgonjwa dawa shingoni, asubuhi na jioni, kwa kuogopa mkakamao wa misuli, na kwamba hiyo ndiyo hofu yake kubwa kuliko zote. Sote tukawaza pepopunda. Miaka 40 kabla yake, mwaka 1363, Guy de Chauliac, mpasuaji wa Kifaransa, alikuwa ameandika kule Avignon, Ufaransa, kuwa mpasuaji awe jasiri penye usalama, na mwoga penye hatari.

Tangu siku ile, daktari akininong'oneza usiku, "Dada, huyu ananitia hofu," mimi humwamini zaidi, kwa sababu najua atarudi kumtazama tena kabla hakujapambazuka. Kama mgonjwa naye aambiwe, tunabishana mpaka leo na wenzangu wa zamu. Mimi naelekea kusema aambiwe, lakini si kabla ya kupasuliwa.